SAFARI YETU YA KWANZA YA ULAYA, NA MZIGO WA FRASILA MOJA NA NUSU



Bwana Mhariri aliponitaka niandike khabari za safari yetu ya Ulaya, nilimjibu kuwa sina jambo kubwa la kueleza. Mimi si mwanachuoni wala si mtu wa siasa. Kazi yangu ni mikarafuu, na mke wangu kazi yake ni mikarafuu na mimi. Lakini akanambia kuwa siku hizi wanachama wengi wana watoto ng'ambo, na kila msimu ukiwa mwema hawakosi wawili watatu wanaokuja kuuliza: mtu akialikwa Ulaya na mwanawe, achukue nini na aache nini? Basi nitalijibu swali hilo, na katika kulijibu itanibidi nikutajieni kosa langu moja ambalo nyumbani kwangu halijasahauliwa mpaka leo.

Binti yetu wa pili anakaa Ujerumani katika mji wa Leipzig, na kazi yake ni uuguzi. Mwanzo wa mwaka 2025 alituletea khabari kuwa ni mja mzito, na kwamba siku zake zitatimia mwezi wa Aprili, baada ya Idi. Akataka mama yake awe naye muda wa arobaini. Mama yake akasema hawezi kwenda peke yake mahali ambapo hajui hata kuomba maji ya kunywa. Mimi nami sijui kuyaomba kwa Kijerumani, lakini sikulisema hilo.

Sasa, mke wangu kwao ni Newala. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakivuka kutoka Bara kuja visiwani kwa kazi za mashamba. Alipochoka alirudi kwao na mkewe, na binti akabaki kwa shangazi yake Wete, ndiko nilikomposa. Mama yake yu hai, yuko Newala, na umri wake hakuna aujuaye sawasawa. Isingekuwa adabu kuondoka kwenda mbali vile bila ya kumuaga. Kwa hiyo safari yetu ya Ulaya ilianza kwa safari ya Kusini, mwezi wa Februari kabla ya Ramadhani, na mengi yaliyotufaa huko mbele tulijifunza katika safari hiyo.

Kutoka Pemba mtu hushuka Mkoani akapanda meli mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, na hapo tena ni basi siku nzima. Utapita Kibiti, utavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, utaiona bahari tena Lindi, kisha utaingia bara kwa njia ya Ndanda mpaka Masasi. Zamani, kabla ya daraja na lami, njia hii ilikuwa ikikatika kila masika, na watu walikuwa wakizuilika siku nyingi kwenye kivuko. Sisi tuliondoka alfajiri na usiku tukawa Masasi, miguu imevimba tu.

Masasi ni mji uliokaa baina ya majabali. Si vilima vya udongo kama vyetu, bali ni mawe matupu, makubwa, meusi, kila moja limesimama peke yake kama lililosahauliwa na mwenyewe. Asubuhi shemeji yangu alitupeleka chini ya jabali la Mtandi, ambapo lipo kanisa kuu la Waanglikana, akanieleza jambo ambalo mimi mtu wa visiwani nilistahili kulijua lakini sikulijua. Mji huu una asili yake Unguja. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na watu waliokombolewa katika utumwa, wanaume na wanawake waliokuwa wakikaa Mbweni, akakusudia kuwarejesha katika nchi za Nyasa walikotekwa. Walishuka Lindi, wakaenda kwa miguu. Walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, maji yapo, wakasema: hapa panatutosha, hatuendi mbele. Askofu akawakubalia.

Na aliyekuwa mkuu wa msafara, mwenye kugawa mizigo na kuwapanga wapagazi, ni James Chuma, Myao, yule yule aliyekuwa na Dk. Livingstone mpaka kufa kwake. Nilimuuliza shemeji kama Chuma alipata kwenda Ulaya. Akasema ndiyo; yeye na mwenziwe Abdallah Susi walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakasaidia kuzitengeneza zile daftari za marehemu ziwe kitabu. Miaka miwili baadaye ndiye huyu anayehesabu mizigo njia ya Lindi.

Mizigo hiyo mpagazi alikuwa akichukua ratili 60 mpaka 70, nazo ni karibu frasila mbili kwa kipimo chetu. Na Chuma na Susi walijua kufunga mzigo kuliko watu wote. Walipokuwa wakiuleta mwili wa bwana wao pwani mwaka 1873, walisikia kuwa njiani watazuiwa, kwani watu hawapendi maiti ipite nchini kwao. Basi wakafunga maiti ya uongo wakaituma irudi nyuma mbele ya macho ya watu, na maiti yenyewe wakaifunga upya ionekane ni robota la nguo kama marobota mengine ya safari, wakapita nayo. Mimi mpaka siku ile nilidhani kufunga mzigo ni kazi ya nguvu za magoti, unalipiga goti sanduku mpaka lifungike.

Kutoka Masasi kwenda Newala gari hupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, na ukishafika juu hewa inabadilika. Newala kuna upepo na baridi, khasa mwezi wa Juni na Julai, wenyeji huvaa masweta. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu, nchi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na upande wa pili ni Msumbiji. Mke wangu alisimama pale muda mrefu. Alipokuwa mtoto alikuwa akiambiwa huo ndio mwisho wa dunia.

Huko juu zao lao ni korosho kama letu lilivyo karafuu. Tofauti ni kwamba sisi karafuu yetu tunaipeleka kwa mnunuzi mmoja kwa bei inayotangazwa, nao korosho zao, tangu mwaka 2007, wanaziweka ghalani kwa stakabadhi kisha zinauzwa kwa mnada. Tulibishana jioni nzima na mashemeji ipi ni bora. Kila mmoja alilalamikia utaratibu wake akasifu wa mwenziwe, nami nikajua kuwa wakulima ni ndugu.

Lakini la kusimuliwa khasa ni maji. Uwanda ule hauna mto wala chemchemi juu yake. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na maji yanatokea chini mabondeni. Mabomba ya kuyapandisha yalianza kutiwa miaka ya 1950, na hata leo si kila kijiji kinayapata siku zote. Mama mkwe wangu katika ujana wake alikuwa akiteremka ukingo ule kabla ya jua na mtungi juu ya ngata, akipanda nao umejaa, na mtoto yuko mgongoni. Mtoto huyo ndiye mke wangu.

Tulipomwambia tunakwenda Ulaya hakustaajabu sana. Alitaka kujua tunakwenda na mizigo mingapi. Nikamwonyesha kwa fakhari sanduku jipya la magurudumu, kubwa, nililolinunua Dar es Salaam, nalo nilikuwa nimekwisha kulijaza nusu ili nilijaribu. Akaniuliza, "Baba, umepata kutembea nalo?" Nikasema, "Mama, hili halibebwi, linavutwa." Akasema, "Mtungi unaposhuka nao bondeni kila mtu hodari. Kesho tembeeni nalo mpaka Shimo la Mungu na kurudi, ndipo mtaniambia."

Sikuweza kumkatalia mkwe wangu. Asubuhi tukatoka, na watoto wote wa mtaa nyuma yetu. Magurudumu yalikwenda vizuri hatua ishirini za saruji, kisha yakazama katika mchanga. Nikalibeba begani. Nusu ya njia nikaliweka kichwani. Kurudi, mke wangu ndiye aliyelichukua, kwa sababu mimi shingo ilikuwa imekwisha. Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao maana hakuna jingine la kufanya.

Basi jioni ile tukatandika jamvi tukamwaga kila kitu, na Mama akakaa pembeni akitazama. Alitoa kanuni moja tu: kitu kisichofanya kazi mbili kibaki. Nilikuwa na suruali tano, zikabaki mbili na ile nitakayovaa. Viatu jozi tatu. Ikabaki jozi ya miguuni na kandambili, ambazo ni za udhu na za nyumbani pia. Koti zito niliyoazimwa na rafiki yangu sikuiweka sandukuni tena, niliivaa njiani ijapokuwa Dar es Salaam nilitoka jasho kama mtu aliye jikoni, na mifuko yake ikawa ni sanduku jingine. Mke wangu yeye hakuwa na shida. Alichukua khanga jozi tatu akasema hizi ni shuka, ni mtandio, ni taulo, ni pazia, na ni nguo ya kulalia. Juu ya hizo magauni mawili na sweta ambayo wenyeji wa Newala wanaifahamu matumizi yake. Alinifundisha na mimi: huko baridi haizuiliwi kwa nguo moja nene bali kwa nguo nyembamba mbili tatu, moja juu ya nyingine, na hizo unaweza kuzifua usiku na asubuhi zikawa zimekauka.

Ndipo yalipoanza kuja ya watu. Ndugu zangu, hapa ndipo penye mtihani, na vitabu vya safari wanavyoandika Wazungu havitaji neno juu ya jambo hili, kwani mtu wao akisafiri husafiri na vyake. Sisi mtu akisafiri ukoo mzima unasafiri. Huyu alileta korosho za kubanguliwa, ratili kadhaa. Huyu alileta unga wa muhogo. Mjomba wa mke wangu, ambaye ni mchongaji, alileta kinyago cha mpingo, watu wamepandana mmoja juu ya mwingine, kazi nzuri kupita kiasi, na uzito wake si wa mti bali wa chuma. Mpingo ukiutia majini unazama. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Kuchukua vyote haiwezekani. Tulifanya hivi: kila kilicholetwa tulikipokea kwa mikono miwili, tukakipiga picha pamoja na aliyekileta, na tukachukua sehemu yake kidogo. Picha zote tulimpelekea binti yetu. Mjomba tulimwambia kweli kuwa kinyago kitamngoja mwenyewe siku atakapokuja nyumbani, tena tangu mwaka 2017 mpingo umo katika orodha ya miti inayolindwa duniani, na mtu hawezi kuupitisha mipakani vivi hivi bila ya kwanza kuuliza. Alinuna kidogo, kisha akanichongea kichanuo.

Mwisho kabisa alikuja Mama mwenyewe na kitu chake. Ilikuwa ni mbeleko. Kitambaa cha kaniki kilichopauka, kimeshonwa viraka sehemu mbili, chepesi hata ukikipuliza kinapepea. Ndicho alichombebea mke wangu akipanda na maji kutoka bondeni. Alisema, "Mtoto wa kwanza wa mjukuu wangu aanze humu." Hakusema zaidi.

Sasa niache kidogo khabari za nyumbani niseme yanayohusu sheria, kwani ndiyo wanayoyauliza wengi.

Viza ya Ujerumani ni ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, na huombwa si mapema zaidi ya miezi sita wala si chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Yatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, barua ya mwenyeji, na karatasi za benki. Sisi tulionyesha na stakabadhi za mauzo yetu ya karafuu, maana ndiyo ushahidi kuwa tuna cha kurudia. Muda wa kukaa hauzidi siku 90.

Katika vyakula, Jumuiya ya Ulaya hairuhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa wala vilivyotengenezwa kwa hivyo. Samaki waweza, hata kilo 20, kwa hiyo dagaa wa kukaanga hawana neno. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo mwenye kutaka kumpelekea mwanawe embe atanyang'anywa, lakini nazi atapita nayo. Doriani nawashauri msijaribu ijapokuwa sheria inaruhusu. Wafikirieni abiria wenzenu.

Dawa ziwe katika vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari. Maji na mafuta katika mkoba wa mkononi yasizidi mililita 100 kila chupa. Betri za kuchajia simu ziwe mkononi, si sandukuni. Na plagi zetu za miguu mitatu huko haziingii. Ukutani mwao pana matundu mawili ya mviringo, nunueni kiungo chake kabla ya kuondoka.

Tiketi zetu zilikuwa za bei nafuu. Moja ilikuwa na sanduku la kilo 23, na nyingine haikuwa na kitu ila mkoba wa mkononi wa kilo saba. Yaani sisi wawili, kwa mwezi mmoja na nusu, tulikuwa na sanduku moja la frasila moja na nusu kasoro kidogo. Mpagazi wa Chuma peke yake alituzidi.

Tulilifunga sanduku Newala, tukalipima kwa mizani ya korosho, likawa kilo 22. Safi kabisa. Tukarudi Pemba tukafunga Ramadhani, tukala Idi. Na hapa ndipo nilipokosea. Usiku wa kuondoka, mke wangu amelala, nilifungua sanduku nikatia mfuko wa karafuu. Karafuu za shamba letu, nilizozichagua mwenyewe punje kwa punje, hazina makonyo, hazina mpeta, zimekauka vizuri hata ukiimimina zinalia. Nilisema nafsini mwangu: nitamwendeaje mkwe wangu wa Ulaya mikono mitupu, mimi mkulima? Zilikuwa kiasi cha kilo sita. Sikumwambia mtu.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam mizani ikasema 28. Bibi mwenye kupokea mizigo alikuwa na heshima, akasema, tulipe au tupunguze, na alipotaja malipo nikaona afadhali tupunguze. Mke wangu alikuwa amekwenda kusali. Foleni nyuma yetu ndefu. Nilipiga magoti nikafungua sanduku mbele za watu, na mpwa wangu aliyetusindikiza amesimama nje ya kamba. Karafuu zilikuwa juu kabisa. Nilizishika mkononi. Kisha nikazirudisha, nikazamisha mkono chini nikatoa lile furushi kubwa la korosho, nikampa mpwa wangu, na unga wa muhogo juu yake. Mizani ikasoma 23. Nikajipongeza.

Lile furushi la korosho, mke wangu ndiye aliyelifunga. Na kwa kuwa kitu kimoja hufanya kazi mbili, alikuwa amezifunga korosho zile kwa mbeleko ya mama yake.

Safari ya ndege niipitie upesi. Tulibadili ndege njiani, tukafika Frankfurt asubuhi, tukapanda gari la moshi saa tatu na ushei mpaka Leipzig. Hapo ndipo nilipoiona faida ya mzigo mdogo, kwani ngazi zilikuwa nyingi, na gari la moshi haliwangoji watu wazima wawili wanaoburura masanduku. Tuliona mume na mke, wageni kama sisi, wana masanduku manne makubwa. Mume alikuwa kesha panda na mawili, mke yuko chini na mawili, na milango inafungwa. Sijui walikutana wapi.

Binti alitupokea, tumbo limekuwa kubwa, tukalia wote. Usiku mke wangu akafungua sanduku. Alitoa mfuko wa karafuu akauweka mezani. Alitafuta, akatafuta tena. Kisha akaniuliza ziko wapi korosho, nami nikamweleza kwa urefu nilivyookoa fedha zetu uwanjani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alikunja nguo zake akaenda kulala kwa binti yake, na muda wa siku tatu yote aliyonambia ni "chai hiyo" na "funga mlango".

Mtoto alizaliwa baada ya wiki moja, wa kike, mzima, ratili saba na robo. Mke wangu alimbeba kwa khanga yake. Jumamosi ikapigwa simu kutoka Newala. Mama mkwe alishukuru Mungu, akauliza jina, akauliza maziwa yanatoka? Kisha akauliza, "Na mbeleko imemkaa?" Mke wangu alinitazama mimi, akasema, "Mama, bado mtoto ni mdogo." Huo ndio uongo pekee ninaomjua kuusema kwa mama yake, na aliusema kwa ajili yangu.

Mpwa wangu Dar es Salaam alikwisha zila korosho, na kitambaa alikuwa amefutia pikipiki. Nilipomweleza ni kitu gani aliogopa sana, akakifua mara tatu. Sasa kitafikaje? Kukituma kwa posta niliogopa kitapotea. Mpwa akaulizia kila mahali mpaka akapata kijana wa Masasi anayesoma chuo kikuu cha Halle, mji ulio jirani na Leipzig, amekwenda likizo nyumbani na anarejea katikati ya Mei.

Katika kungoja huko tulijifunza mji. Jua la huko mwezi wa Aprili mwishoni linachwa saa mbili na robo usiku, na Isha mtu anaingoja anasinzia. Jirani wa binti yetu, bibi mzee wa Kijerumani, nilimpelekea karafuu mkono mmoja tele. Alizinusa akafumba macho. Kisha akanionyesha matumizi yake: huchukua kitunguu kizima, akakichoma punje tatu za karafuu na jani la mti fulani, akakitumbukiza katika supu. Tatu tu. Alimuuliza binti yangu kwa adabu kama atakubali nyingine azirudishe, maana hizo alizopewa zingemtosha mpaka kufa. Dukani karafuu zinauzwa katika kichupa kidogo, ndani gramu chache. Nilisimama mbele ya rafu ile kwa muda nikipiga hesabu ya kilo zangu sita katika vichupa, na binti yangu akanivuta mkono.

Lipo jambo moja zaidi la Leipzig. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji havijatulia sawasawa, alikuja Kusini mtaalamu wa jumba la makumbusho la mji huo, Karl Weule. Alipita Masasi, akakaa Newala, akaandika mila za Wamakonde, Wayao na Wamakua, akanasa nyimbo zao kwa mashine, na akakusanya vyombo na vinyago akavipeleka Leipzig. Yeye hakusafiri mwepesi hata kidogo, na waliobeba ni wengine. Mke wangu alitaka kwenda kuona kama kuna mtungi wa kwao. Tulikwenda, tumevaa vizuri. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu pamefungwa. Tulisimama mlangoni kidogo, akasema vita vya pili huenda viliviteketeza, kwani binti alikuwa amemwambia kuwa mabomu ya Desemba 1943 yaliunguza sehemu ya jumba hilo. Tulikusudia kurudi siku nyingine. Hatukurudi, mtoto alishikwa na mafua, kisha siku zikaisha.

Yule kijana wa Halle alikuja siku ya thelathini na moja tangu kuzaliwa mtoto. Hakuwa na mkoba. Aliingia, akasalimia, "Shikamoo mama, shikamoo baba," akatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti akatoa kitambaa kimekunjwa mara nyingi, hakizidi ukubwa wa bahasha. Mke wangu akakinusa. Kilinuka sabuni. Hakusema kitu, akamchukua mtoto, akamweka mgongoni kwa binti yetu, akakifunga kama afungavyo mama yake, fundo juu ya kifua. Kijana yule tulimpikia wali wa nazi kwa samaki, akala sahani tatu, na alipoondoka nilimpa karafuu ambazo naamini atahangaika nazo.

Jioni hiyo mke wangu alinitengea chai mwenyewe.

Tulirudi na sanduku la kilo kumi na moja. Mwezi wa Julai tulikwenda Newala kutoa khabari, na mara hii kila mmoja alikuwa na mkoba wa bega tu. Tulimwonyesha Mama picha katika simu: binti yetu amepanda tramu ya Leipzig, mtoto yumo katika mbeleko, na juu ya wote wawili amevaa koti kubwa la baridi, kichwa kidogo kinachungulia nyuma ya kola. Mama aliishika simu karibu na macho, akaiweka mbali, akaikaribisha tena.

"Nguo yote hiyo," akasema, "hapo mtoto anapumua wapi?"